Wifi, mapazia nilifua kwa nguvu za deksa

Wifi yangu,

Jumapili ulinikuta nimejilaza mkekani, vyombo vya jana vimejaa beseni, ukauliza kwa upole: "Si Alhamisi usiku ulifua mapazia?" Nikacheka tu, maana hata kujibu kulinishinda. Leo nina nguvu kidogo. Nakujibu hadharani kwa sababu si wewe peke yako unayeuliza.

Mapazia nilifua kweli. Alhamisi ndiyo siku yangu ya deksamethasoni, ninayomeza mara moja kwa wiki pamoja na dawa nyingine za mayeloma, saratani ya damu. Nameza asubuhi kama nilivyoelekezwa, lakini usiku macho makavu. Saa nane za usiku nilikuwa jikoni nachagua mchele ambao hakuna aliyeuomba. Ikifika Jumamosi deksa inashuka, nami nashuka nayo. Kukamua tambara tu napumzika mara mbili.

Wala uchovu huu si usingizi, wifi. Usingizi ukiulala unaisha. Huu naulala saa kumi nzima, nikiamka uko palepale.

Juisi yako ya rozela naipenda, usiache kuleta. Ila damu haikushuka hadi 8 kwa kukosa mboga. Saratani yenyewe imejaa kwenye uboho, ndani ya mifupa, humohumo damu inamotengenezwa. Mpangaji kamfukuza mwenye nyumba. Na hata ilipopanda hadi 11, uchovu haukuisha wote. Daktari akasema dawa nazo zinachosha, akanipima na tezi ya shingo, akaniuliza kama nalia peke yangu. (Nalia.) Zile dawa za mizizi za sokoni usinunue kwanza, nimuulize yeye.

Utashangaa kinachonisaidia: kutembea. Jioni jua likipoa naenda hadi kwenye mwembe na kurudi, mwendo wa bibi harusi. Kuoga naoga nimekaa kwenye kigoda. Safari za benki nazipanga Jumatano, Jumapili sipangi kitu.

Basi Jumapili ijayo pole zako ziache mlangoni. Jifunge khanga, vyombo vipo. Ukimaliza nisindikize mwembeni. Ila siku ukinikuta nahema na nimekaa tu, au kipimajoto kinasoma 38, usianze kuuliza mapazia: ita bajaji twende hospitali saa hiyohiyo.

Chakula usibebe. Mchele umeshachaguliwa, uko kwenye ndoo ya bluu.