Mazoezi ya wiki hii

Habari za jioni wanakikundi,

Ratiba haijabadilika: Jumanne na Ijumaa, kila mtu kwake. Wengi mmeuliza kuhusu pushapu. Kama za sakafuni bado zinakushinda, anza na ukuta. Simama hatua moja nyuma, viganja usawa wa kifua, shuka taratibu ukihesabu hadi 3, kisha jisukume. Ukizoea, hamia kwenye ukingo wa meza imara (itikise kwanza, jamani), ndipo ushuke sakafuni. Kiuno kisilegee. Kwangu mimi, 6 safi zinashinda 20 za kubabaisha.

Kuchuchumaa kukiwa rahisi mno, vaa begi la mgongoni lenye vitabu. Visigino visinyanyuke. Planki (kujishikilia umenyooka kama ubao, juu ya viwiko na vidole vya miguu) sekunde 20 zinatosha, ila usibane pumzi.

Siku nyingine tembeeni kwa kasi. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafikishe angalau dakika 150 kwa wiki, mbali na siku 2 za kuimarisha misuli.

Mwenye shida ya goti au presha aniandikie inboksi kabla ya kuanza. Picha za jasho si lazima, andika tu "nimemaliza".