Risala ya Wanakikundi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuvunja Kikoba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Diwani wa kata yetu,
Mtendaji wa Kata,
Ndugu wageni waalikwa,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima, nawe tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu.

Mheshimiwa, sisi ni washonaji. Wapo pia kati yetu wanaoandika hadithi za mapenzi usiku, watoto wakishalala, na wamekwisha kuambiwa mara nyingi kwamba wanapoteza muda. Kwa ajili yao, mwaka huu tulijifunza maisha ya Stacey Abrams wa Marekani.

Alizaliwa mwaka 1973, akakulia Gulfport, Mississippi, katika familia ya watoto sita. Mama yake alikuwa mkutubi, baba yake akifanya kazi kwenye karakana ya meli. Akiwa anasomea sheria Chuo Kikuu cha Yale aliandika riwaya ya majasusi, akaambiwa riwaya ya namna ile iliyoandikwa na mwanamke haitauzika. Hakuitupa. Aliwafanya majasusi wake wapendane, na mwaka 2001 ikatoka kama riwaya ya mapenzi. Kwa jina la Selena Montgomery aliandika riwaya nane, huku kwa jina lake mwenyewe akiandika makala za sheria ya kodi. Wala kazi moja haikuiharibu nyingine.

Akiwa na miaka 29 aliteuliwa naibu mwanasheria wa Jiji la Atlanta. Baadaye aliingia siasa za Georgia, akagombea ugavana mwaka 2018 na 2022 bila kushinda. Ila kilichotugusa zaidi ni biashara yake. Yeye na Lara Hodgson walianzisha kampuni ya ushauri, Insomnia Consulting, kisha Nourish, iliyotengeneza vinywaji vya watoto wachanga. Oda zikakua. Lakini mnunuzi mkubwa hulipa baada ya wiki nyingi, na malighafi inataka fedha leo. Biashara ikafa wakati wateja wapo! Mwaka 2010 wakaanzisha NOW: mfanyabiashara mdogo anawasilisha ankara yake, analipwa mapema kwa kukatwa ada, nayo NOW ndiyo inayomsubiri mnunuzi.

Mheshimiwa, yale ya Nourish yametukuta. Mteja mmoja alichukua mashati ya sare, akasaini hati ya kupokea mzigo, tukaja kulipwa muhula umekwisha. Kitambaa tulikuwa tumekichukua kwa mali kauli, na mwenye duka alikuwa anadai haki yake. Tukachota kwenye mfuko wa jamii. Mwenzetu alipofiwa na mumewe, mfuko ulikuwa mtupu, tukachangishana kwenye khanga pale pale msibani.

Tunaishukuru Halmashauri kwa asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo unatusaidia kuanza kazi; tukishaikabidhi, tunahitaji malipo. Tunakuomba utusemee kwenye Baraza la Madiwani, vikundi vinavyopewa kazi za umma vilipwe kwa wakati, na ankara ikichelewa tuelezwe imekwama meza ya nani. Tunaomba pia chumba kimoja cha shule ya kata, jioni mbili kwa wiki, waandishi wetu wapate meza na taa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.