Tungamo na mvutano ni maswali mawili

Mhariri,

Naomba nafasi nirekebishe kauli iliyozoeleka barazani na, kwa bahati mbaya, hata madarasani: kwamba ile inayoitwa "chembe ya Mungu" ndiyo inayovipa vitu vyote uzito (kwa lugha ya fizikia, tungamo), na ndiyo asili ya mvutano wa dunia. Sehemu ya kwanza ya kauli hiyo ina ukweli kidogo sana. Ya pili haina hata chembe.

Jina lake hasa ni bosoni ya Higgs. Ilitangazwa tarehe 4 Julai 2012 huko CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, ambako protoni hugonganishwa ndani ya handaki lenye mzunguko wa kilomita 27. Bosoni yenyewe haimgawii mtu tungamo. Ni ushahidi kwamba upo uga uliotanda kila mahali, uga wa Higgs, na elektroni na kwaki, chembe ndogo zinazounda atomi, hupata tungamo kwa kugusana na uga huo. Wengi hueleza uga huo kwa mfano wa tope, na mfano huo unapotosha. Anayepita kwenye tope la mikoko akiacha kujisukuma husimama. Elektroni ikishashika mwendo, uga wa Higgs hauipunguzi kasi hata kidogo. Tungamo ni ule ugumu wa kubadilishwa mwendo, basi.

Sasa tuchukue robota la katani la kilo 250 linalosubiri meli hapa bandarini Tanga. Karibu tungamo lake lote limo kwenye protoni na nyutroni, ndani ya viini vya atomi. Protoni moja ina tungamo la elektronivolti milioni 938 (elektronivolti ni kipimo cha nishati ambacho wanafizikia hupimia tungamo la chembe). Ndani yake mna kwaki tatu: mbili za aina iitwayo "ya juu", kila moja kama milioni 2.2, na moja ya aina iitwayo "ya chini", kama milioni 4.7. Ukijumlisha unapata milioni 9 na kidogo, yaani kama asilimia 1. Asilimia 99 zimetoka wapi? Kwaki hizo zimebanwa mahali padogo mno, kama milimita moja iliyogawanywa mara milioni milioni. Humo zinakwenda karibu na kasi ya mwanga, na gluoni zinazozishikanisha zimejaa nishati. Einstein alionyesha mwaka 1905 kwamba nishati iliyofungiwa ndani ya kitu ni tungamo la kitu hicho. Kwa hesabu hiyo, tungamo linalotokana na Higgs kwenye robota letu halifiki kilo 3. Kilo 247 zilizobaki ni nishati.

Hata hivyo, udogo huo una kazi kubwa. Elektroni ingekosa tungamo, atomi zisingekuwapo. Na kwa kuwa kwaki ya chini ni nzito kuliko ya juu, nyutroni inaizidi protoni kidogo, milioni 939.6 kwa 938.3. Ingekuwa kinyume, protoni ndizo zingeoza, haidrojeni isingedumu, na bila haidrojeni hakuna maji.

Mvutano ni jambo jingine. Nadharia ya chembe iliyotabiri bosoni ya Higgs haina mvutano ndani yake. Maelezo bora tuliyonayo ni ya Einstein ya mwaka 1915: nishati na tungamo hupinda nafasi na wakati, na vitu hufuata mpindo huo. Ushahidi mzuri ni mwanga. Mwanga hauna tungamo na haupati chochote kutoka uga wa Higgs, lakini wakati wa kupatwa kwa jua mwaka 1919, vipimo vilivyochukuliwa kisiwani Príncipe na Sobral, Brazili, vilionyesha kwamba mwanga wa nyota hupinda ukipita karibu na jua. Graviton, chembe inayodhaniwa kubeba mvutano, haijawahi kuonekana.

Kinachounganisha maswali haya mawili kinaweza kupimwa kwa mshipi na chubwi. Funga chubwi kwenye mshipi, pima mita 1 kutoka pale ulipoufunga juu hadi katikati ya chubwi, livute kando kidogo, lisizidi nyuzi 10, kisha liachie. Bembea 20, kwenda na kurudi, huchukua sekunde 40.2 hapa Tanga, ambapo mvutano ni mita 9.78 kwa sekunde mraba. Badala ya chubwi weka jiwe, kisha kipande cha mti mzito, urefu uleule. Muda haubadiliki, kwa sababu kile kinachofanya kitu kigome kusukumwa ndicho hichohicho kinachokifanya kivutwe chini.

Kwa urefu na muda huo mwanafunzi anaweza kukokotoa mvutano; makosa hutokea kwenye kuhesabu na kupima. Mwanafunzi akisema "moja" anapoachia badala ya "sifuri", amehesabu bembea 19, na mvutano unaruka hadi 10.8. Akitumia jiwe la sentimita 5 na kupima urefu hadi juu yake tu, jibu linashuka hadi 9.54. Uzi wa katani unaonyumbuka huongeza urefu katikati ya kazi; ndiyo maana mshipi wa kuvulia ni bora, na urefu upimwe tena chubwi likiwa linaning'inia.

Mwalimu wa Fizikia,
Ngamiani, Tanga