Jibu la "kwetu hakuna pumu" lisiandikwe kwenye faili kabla ya kuulizwa tena

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme neno juu ya makala iliyotoka karibuni katika safu ya afya ya gazeti lako, iliyowahimiza wasomaji wanaosumbuliwa na kifua waanze kwa kuwauliza wazazi na ndugu zao ni nani mwingine katika ukoo mwenye pumu. Ushauri wenyewe si mbaya, kwa sababu pumu kweli hufuata damu, na mtoto ambaye baba au mama yake anayo yumo katika hatari kubwa kuliko mtoto ambaye wazazi wake wote wawili hawana. Ninachokitilia shaka ni dhana iliyojificha ndani ya ushauri huo, kwamba ndugu akishajibu tumeshajua. Nimefanya kazi ya uuguzi katika kliniki ya watoto hapa Tanga kwa miaka mingi kabla sijastaafu, na mimi mwenyewe nimezaliwa katika nyumba yenye pumu. Huko kazini na huku nyumbani nimejifunza jambo lile lile: ndugu akisema "fulani anayo," mara nyingi amesema kweli, lakini akisema "fulani hana," neno lake halijatosha kuandikwa kwenye faili.

Namkumbuka bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake wa miaka mitano, mtoto aliyekuwa ametibiwa kichomi mara kadhaa katika mwaka mmoja. Nilimwamkia, nikaandika maelezo ya mtoto, kisha nikauliza lile swali la kwenye fomu, kama kwao kuna mwenye pumu. Alinijibu kwa mkato, karibu kama mtu aliyetukanwa: "Pumu? Hapana mwanangu, kwetu hiyo haipo." Nikaliacha neno pumu, nikamuuliza kama nyumbani kuna mtu anayeamka usiku kwa kukohoa. "Aa, huyo ni mjomba wake, lakini yeye ni kifua tu. Kikiingia kipupwe hulala amekaa." Nikamuuliza hutumia dawa gani, akasema ni vile vidonge vidogo vya dukani. Aliporudi siku nyingine alikuwa amefunga katika pindo la kanga karatasi ya vidonge vilivyokwisha, na juu yake pameandikwa salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa kwa wenye pumu. Bibi yule hakunidanganya hata kidogo. Kwake pumu ni ugonjwa wa mtu anayekimbizwa hospitali usiku na kuwekewa mashine usoni, na mwanawe hakuwahi kufikishwa huko, kwa hiyo hana pumu.

Hapa ndipo pagumu, Mhariri, na naomba nipakalie kidogo. Neno pumu tunalo, lakini watu wengi wameliweka juu kabati kwa ajili ya hali mbaya tu, na hali nyingine zote wamezipa majina yasiyotisha: kifua, kubanwa kifua, mafua yasiyoisha, aleji, baridi imemwingia. Na ile sauti nyembamba inayotoka kifuani mtu anapotoa pumzi, ambayo daktari huitegemea kuliko dalili nyingine, haina jina moja tunalokubaliana wote. Mmoja atasema kifua kinalia, mwingine kinapiga filimbi, wa tatu atasema mtoto anakoroma, na ukimwomba akuigizie utasikia mkoromo wa pua iliyoziba, ambao ni jambo jingine kabisa. Wala tatizo hili si la Waswahili peke yao. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa London walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wazazi na madaktari hawakuwa na maana moja walipotaja sauti hiyo, ingawa wote walikuwa wakitumia neno moja. Utafiti mkubwa wa kimataifa wa pumu na aleji kwa watoto, ulioanza mwaka 1991 na kufika mpaka Nairobi na Eldoret, ulikuwa na hojaji ya maandishi, lakini waandaaji wake walitengeneza pia picha za video za watu waliobanwa, ili kijana wa miaka 13 au 14 aangalie na kusema kama jambo hilo limewahi kumpata, bila kutegemea tafsiri ya neno. Watoto wa miaka sita na saba hawakuulizwa wenyewe, bali wazazi ndio waliojibu kwa niaba yao, na msomaji wa matokeo hayo hana budi kukumbuka kwamba katika kundi hilo anasoma alichokiona na kukielewa mzazi.

Sababu ya pili ni ya siri, nayo wasomaji wako wanaijua kuliko mimi. Binti mwenye pumu akija kuposwa, nyumba nzima hunyamaza. Kijana anapopangiwa shule ya bweni, mzazi hujaza fomu ya afya kwa mkono wake na mbele ya swali la magonjwa ya kifua huandika "hana," kwa kuogopa mtoto asije akakataliwa au kuchekwa, na matokeo yake ni kwamba matroni hajui kwa nini mwanafunzi yule hukaa nje ya bweni alfajiri ameinama, mikono magotini. Sitaki kuwalaumu wazazi sana, kwa sababu hofu hiyo wameikuta. Lakini jibu lililotolewa kwa hofu haliwezi kuwa msingi wa matibabu.

Hata asiye na la kuficha huweza kukosea, kwa sababu ya mahali anapokaa. Baba anayerudi saa mbili usiku humwona mtoto amelala, na atakuapia kwamba hana tatizo. Mama anajua habari za jikoni na uani, ila hajui kwamba mwanawe hujitoa kwenye mpira dakika ya kumi na kujifanya amevutwa msuli. Shahidi bora wa usiku niliyewahi kumpata alikuwa msichana wa miaka saba aliyekuja kliniki kumsindikiza tu kaka yake. Mama alikuwa ameshasema kijana analala vizuri siku hizi. Yule mdogo, bila kuulizwa, akasema, "Kaka hakai chini ya chandarua, hukaa kaegemea ukuta mpaka adhana." Walikuwa wakilala kitanda kimoja. Nilimtazama mama, naye alikuwa ameshika mdomo.

Walioandaa kile kipimo cha maswali kinachotumika kujua kama pumu ya mtoto wa miaka minne hadi kumi na moja imedhibitiwa waliliona jambo hili. Maswali ni saba. Manne humjibisha mtoto mwenyewe kwa kuonyesha vikatuni vya nyuso, na matatu humwendea mzazi. Alama zote ni 27, na mtoto akipata 19 au pungufu huhesabiwa kuwa pumu yake haijatulia. Mtoto ndiye anayeanza kujibu, kabla sura ya mama haijamwambia ajibu nini. Katika kliniki zetu huwa tunafanya kinyume: tunazungumza na mkubwa juu ya kichwa cha mtoto, na mtoto akifungua mdomo tunamwambia asubiri.

Wapo watakaosema kwamba mtu mzima angalau atajisemea mwenyewe. Si lazima. Aliyeishi miaka mingi na njia za hewa zilizobana huizoea hali hiyo, na wapo wagonjwa ambao mwili wao hauwapi taarifa mpaka hewa iwe imepungua sana. Hao husema "mimi mzima" huku wakipumzika mara mbili kabla ya kufika ghorofa ya pili, na katika hali hiyo mke au mume ndiye anayejua ukweli. Lakini naye ana mipaka yake. Mdogo wangu wa kiume anatumia inhela ya kinga, mipulizo miwili asubuhi na miwili jioni, na wifi yangu alinihakikishia kwa kiapo: "Wifi, huyu haachi, namwona kwa macho yangu." Nilikuwa nimekwenda kwao siku ya arobaini tangu aifungue, nikaichukua kutoka rafu ya kioo nikaigeuza. Ni ile aina yenye kidirisha kinachohesabu dozi. Ilianza na 200, kwa hiyo ilipaswa kusoma 40, nayo ilisoma 152. Katika mipulizo 160 mdogo wangu alikuwa amevuta 48. Wifi hakusema uongo, kwa maana alimwona kila asubuhi akinyoosha mkono kwenye rafu, na mdogo wangu hakuona kama anadanganya, kwa sababu kila alipoikumbuka aliivuta. Kwa inhela zisizo na kidirisha hicho, tarehe ya kununua ya mwisho kwenye duka la dawa husaidia kidogo, ingawa si sana.

Lipo pia kosa la upande wa pili, ambalo ni dogo zaidi lakini lipo. Mama aliyewahi kumwona mtoto wake mmoja akibanwa vibaya husikia pumu katika kila kikohozi cha wadogo zake, na nimeona watoto wazima kabisa wakikatazwa kukimbia kwa ajili hiyo. Vilevile mgonjwa hutafuta chanzo cha ugonjwa wake, hivyo hukumbuka shangazi na babu waliokuwa wakikohoa, wakati ndugu yake mzima, wa tumbo moja, anapoulizwa habari za shangazi yule yule hasemi lolote. Daktari anayewauliza wawili hao atapata koo mbili tofauti kutoka nyumba moja.

Sisemi ndugu wasiulizwe. Kipimo cha spirometri, ambacho mgonjwa hupuliza kwa nguvu kwenye mashine, na kwa mtu mzima huangalia kama hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza imeongezeka kwa zaidi ya asilimia 12 na mililita 200 baada ya dawa ya kufungua njia, hakipatikani katika vituo vingi vya afya, na hata kinapopatikana mtoto wa chini ya miaka mitano kwa kawaida hawezi kukipuliza ipasavyo. Kwa watoto hao maelezo ya nyumbani ndiyo karibu kila kitu tulicho nacho. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 waliishi na pumu na 455,000 walifariki, na vifo vingi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako wengi hawatambuliwi wala kupata dawa ya kinga. Kwa sababu hiyo hiyo, maelezo ya nyumbani yanastahili kuulizwa vizuri.

Ombi langu kwa wenzangu walio kazini ni kwamba waliache jina la ugonjwa mpaka mwisho. Waulize ni nani huamka usiku kwa kukohoa au kubanwa, na saa ngapi. Ni nani hushikwa akiingia kwenye moshi wa mkaa, vumbi la kufagia, udi au baridi ya alfajiri. Ni nani huacha mchezo au kazi kwa kukosa pumzi. Na kila anayetajwa hutumia dawa gani, ikiwezekana karatasi ya dawa yenyewe iletwe. Wamwombe mzazi aigize sauti anayoizungumzia, au arekodi kwa simu mtoto anapobanwa, jambo ambalo siku hizi halimgharimu mtu chochote. Wamuulize kila mtu habari zake mwenyewe kwanza, ndipo wamuulize habari za mwenzake, na anayejibu kwa niaba ya mwingine aandikwe kwamba ndiye aliyejibu: si sawa kusoma kwenye faili "hakuna historia ya pumu katika familia" bila kujua kama aliyesema hivyo ni mama mzazi, jirani aliyemsindikiza, au bibi aliyekuwa na haraka ya kuwahi daladala.

Nako mashuleni, wanaotayarisha fomu za afya za bweni wangelifuta lile swali la "je, mwanafunzi ana pumu?" wakaweka maswali mawili au matatu ya dalili na dawa, na mwanafunzi mwenyewe akajaza sehemu yake mbali na mzazi. Kama itabaki nafasi ya mstari mmoja chini ya karatasi, ningependa aulizwe pia ndugu anayelala naye chumba kimoja.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Muuguzi mstaafu, Tanga