Papa upanga si papa, na upanga wake hauoti tena

Mhariri,

Wiki iliyopita mlitoa picha ya upanga mkavu wa samaki, chini mkaandika "meno ya papa". Naomba nisahihishe, maana kwetu Msimbati upo mmoja juu ya mlango. Marehemu babu alimpata samaki huyo karibu na mlango wa Ruvuma, mimi sijazaliwa. Upande wa kushoto una meno 19, wa kulia 16 na mashimo matatu.

Mashimo hayo yana habari. Papa akipoteza jino huota jingine. Papa upanga, jino la upangani liking'oka na shina lake ndiyo basi. Upapa wake ni wa jina tu: mgeuze chali, nyufa za kupumulia ziko tumboni, si ubavuni kama za papa. Ni taa huyo, yule samaki bapa, ila taa anayeweza kupita urefu wa mita sita!

Wengi hudhani upanga ni silaha tu. Kumbe ndio unaomwongoza kwenye maji ya tope, kwani umejaa vitundu vinavyohisi umeme mdogo wa miili ya samaki wengine. Akishamhisi windo, humchapa kwa ubavu wa upanga au humkandamiza chini, ndipo amle. Watoto huzaliwa hai, kila mmoja na upanga wake ndani ya ala laini ili usimchane mama. Wa jamii moja hupanda mtoni, hukaa kwenye maji yasiyo na chumvi miaka kadhaa, kisha hurudi baharini. Ndiyo maana wavu wa mlangoni mwa mto huwapata wakiingia na wakitoka.

Sasa huyu wa mitoni amebakiza hatua chache atoweke kabisa duniani, na tangu 2013 jamii zote za papa upanga zimezuiwa kwenye biashara ya kimataifa.

Kinachoniuma ni ushauri ninaousikia pwani: akinasa, kata upanga uokoe jarife, ule wavu wa matundu makubwa. Aliyekatwa upanga hawindi tena. Umemwachia afe njaa. Mwacheni ndani ya maji, nyufa zake zisitoke nje, mkae mbali na upanga akiupiga huku na huku, mkate nyuzi taratibu kuufuata. Najua jarife ni ghali. Lakini kushona nyavu ndiyo kazi yangu, na tundu la papa upanga mmoja naliziba asubuhi moja, kabla ya chai ya saa nne.

Fundi nyavu,
Mikindani, Mtwara