Shukrani kwa kaka wa dumu la njano

Jina sikukuuliza, kaka, kwa hiyo hapa Kigoma nakutaja kwa dumu lako tu. Juma lililopita upepo ulikata wavu wangu, ukaenda kunasa kwenye miamba upande wa Bangwe. Nilishaukatia tamaa, nageuza mtumbwi nirudi. Wewe ukapita, ukaniuliza, ukasema nailoni haiozi: wavu huo utaendelea kuua samaki na hakuna atakayewala.

Ulifunga dumu tupu kwenye kamba ili tusipoteze mahali, ukazama na kisu. Nilihesabu mizamo tisa nikaacha. Hukuuvuta kwa nguvu, maana ungegeuza mawe wanakotagia samaki. Ulikata kipande kimoja kimoja, mimi nikipokea juu. Samaki wawili aina ya kuhe walikuwa wanalinda makinda yao karibu na hapo, ukazunguka mbali nao. (Mimi kuhe nilimjua kwa sahani tu, nakiri.)

Hela ya mafuta uliikataa. Ulichukua mhogo wa kuchoma, basi.

Watu wa pwani wana matumbawe. Sisi wa Tanganyika miamba ndiyo kitalu chetu cha samaki. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 tulilalamika wengi, nami nikiwemo. Lakini wavu uliopotea huvua hata ziwa likifungwa. Wenzangu wa Kibirizi na Katonga, wavu ukinasa, weka boya, uite mtu siku hiyohiyo.

Kaka, ukisoma hapa, pitia mwaloni. Nimekuwekea samaki, mgebuka.