Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya uzamiaji,

Naanza na kosa langu mwenyewe, maana walioliona wameshalisimulia. Februari, ndani ya Ghuba ya Chole, kisiwani Mafia, nilikuwa namfuata kasa, macho kwenye kamera, miguu nimeisahau. Pezi la mguu wa kulia likamega tumbawe la mviringo, kipande cha ukubwa wa kiganja. Tumbawe la namna hiyo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Hesabu mtapiga wenyewe.

Kamati imeamua: asiyeweza kuelea pale pale, hapandi wala hashuki, hatabeba kamera chini ya maji. Glavu nazo basi, kwani mwenye glavu hushikashika. Najua wapiga picha wamenuna. Wanune, ila mazoezini waje.

Miamba ya Mafia imeshabeba mengi. Baruti za wavuvi ziliivunja, kisha joto la bahari la 1998 likapausha matumbawe na mengi yakafa, wakati Hifadhi ya Bahari, ya kwanza Tanzania, ilikuwa na miaka mitatu tu. Joto la bahari haliko mikononi mwetu. Mapezi tunayavaa wenyewe.

Mlango wa Kinasi, unaotoka Ghuba ya Chole kwenda bahari kuu, tuliingia maji yakijaa tu, kwa kuwa yakitoka humvuta mtu hadi bahari kuu. Siku moja ya bamvua, mkondo ukiwa mkali, tulifika, nahodha akatazama maji, akageuza boti. Wageni wawili walilalamika njia nzima; hakuwajibu, na alifanya vyema. Maji mafu, mkondo ukiwa mpole, yalitulipa: chewa wakubwa wameukabili mkondo, mikunga wakichungulia mashimoni, na pono wakitafuna mwamba hadi unawasikia.

Papa potwe wa Kilindoni, msimu wao Oktoba hadi Machi, tuliwafuata kwa miwani na mrija; mitungi ilibaki nchi kavu. Hawaguswi, hata akikupitia karibu namna gani.

Narudia kwa wenye haraka ya kurudi Dar: ukizamia mara kadhaa, kaa angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Mwaka huu nimelazimika kumshusha mtu botini asizamie, ndege yake ikiwa karibu mno, na bado hanisalimii.

Fedha atazisoma mweka hazina. Kompresa, mashine ya kujaza hewa mitungini, imekula akiba yetu. Hewa chafu ingekula zaidi.

Mazoezi ya kuelea yanaanza Jumamosi, Utende, maji yakijaa. Jina la kwanza kwenye orodha ni langu.

Mwenyekiti